Nimesoma shuhuda za waliokata utumbo mpaka nimechanganyikiwa, nimwamini daktari yupi?

Swali, nimelifupisha: "Shikamoo sista. Nina miaka 38, naishi Tanga, urefu sentimita 162, kilo 118. Nina sukari mwaka wa nne, presha, na magoti ndo yananiua kabisa. Nimeamua kukata utumbo. Kuna daktari anakuja Dar kila baada ya miezi kadhaa, anafanya wagonjwa wengi kwa siku chache, bei yake nafuu, na grupu lake la WhatsApp wanamsifu hadi raha. Mwingine yuko hospitali kubwa, amenipangia vikao miezi mitatu kwanza, na kwenye grupu lingine mama mmoja kamponda kwamba ana maneno makali na anamcheleweshea. Nimwamini nani? Au niweke tu puto? Na mume wangu nimwambie au nifanye kimya kimya?"

Marahaba mdogo wangu, na pole na hayo magoti. Jibu langu litakuwa refu, chukua chai. Mi si daktari wa upasuaji, mi ni nesi, nimekaa wodi ya upasuaji miaka mingi na siku hizi nafuatilia wagonjwa wa unene kabla na baada ya kufanyiwa, kwa hiyo nitakayokwambia ni ya upande wa kitandani, ule upande ambao mara nyingi hata daktari mwenyewe hauoni maana saa nane za usiku yeye yuko kwake amelala.

Tuanze na hilo jina. Wote tunasema kukata utumbo, lakini inayofanyika sana siku hizi ni sliivu na hiyo utumbo wala haiugusi, wanachoondoa ni mfuko wa chakula, kama robo tatu yake au hata asilimia 80, kinachobaki ni kamfuko kembamba kama ndizi. Kilichotolewa kimetolewa, hakirudishwi. Baipasi ndo inagusa utumbo kweli, wanatenga kimfuko kidogo juu kabisa, mililita 30 hivi, yaani chini ya kile kikombe cha kahawa cha barazani, halafu utumbo unaungwa upya kwa njia nyingine. Usione nakupotezea muda na majina. Tuliwahi kupokea dada usiku anatapika damu, ndugu zake wanajua kitu kimoja tu, "alikatwa utumbo India mwaka juzi", karatasi hakuna, simu ya aliyemfanyia hakuna. Kumbe ni baipasi, na mgongo ulipokuwa unamuuma akawa anachomwa diklofenaki duka la dawa jirani na kwake kila wiki, dawa ambayo mtu wa baipasi hatakiwi hata kuisogelea maana inamtoboa vidonda pale palipoungwa. Muuza duka hakujua, yeye mwenyewe hakujua, hakuna aliyemwambia, au aliambiwa akiwa na usingizi wa nusu kaputi. Na wewe una magoti kwa hiyo hii ikariri kabisa, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake wote uwaage mapema.

Sasa hizo shuhuda zako. Nimezisoma ulizonitumia na ninachokuomba ufanye ni kitu kimoja, kwenye kila ushuhuda tafuta tarehe. Huyu anayesifu, alifanyiwa lini? Nimehesabu zile kumi na moja ulizonitumia, tisa ni za watu wa chini ya miezi sita. Mdogo wangu, miezi sita ya kwanza kila mtu anapungua! Hata aliyefanyiwa vibaya anapungua, tena huyo anapungua zaidi maana chakula hakipiti. Mtu wa mwezi wa tatu yuko fungate, gauni la harusi ya dada yake limemwingia, atakosaje kumwita daktari malaika? Mi nataka nimsikie wa mwaka wa tano, na huyo wa mwaka wa tano hayuko kwenye grupu, alishatoka zamani, au yupo kimya maana kilo kumi zimerudi na anaona aibu.

Wasweden walifuatilia watu wao kwa miaka mingi sana, matokeo yalichapishwa 2007, waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao mwaka wa kwanza au wa pili, walipofika mwaka wa kumi ikawa asilimia 25. Tuweke kwenye kilo zako. Kwa wastani huo ungeshuka hadi 80 hivi, halafu taratibu ungerudi hadi 88 au 89 ukakaa hapo. Kutoka 118 kuja 89 na kukaa miaka kumi ni jambo kubwa sana, magoti yatakushukuru, lakini ushuhuda wa mwezi wa sita hauwezi kukwambia habari ya hizo 89, na ukizikuta bila kuambiwa utajiona umeshindwa wakati uko pale pale wenzako walipo.

Kingine, angalia admin wa hilo grupu ni nani. Kama ndo yule yule anayekupangia tarehe na kupokea hela ya kitanda basi hilo ni duka lina wateja wanaosimulia, si grupu la wagonjwa. Sisemi wanadanganya, mara nyingi wanasema kweli, ila aliyepata shida meseji yake haidumu humo hata dakika kumi. Madalali wa matibabu ya nje ndo kazi yao hii, nawaona kila siku.

Na yule mama aliyemponda daktari wa pili, rudi umsome tena taratibu. Analalamika nini hasa? Kwamba aliambiwa apunguze kwanza kilo kadhaa, aache sigara, akapimwe usingizi, akaonane na mtu wa lishe na mwanasaikolojia, na daktari akamwambia kwa sauti kavu "hukufuata maelekezo, sikufanyii mwezi huu". Mimi hapo namwona daktari anayefanya kazi yake, mdomo mbaya anao ni kweli, na angeweza kulisema hilo kwa upole zaidi maana wagonjwa wetu wa unene wameshatukanwa vya kutosha huko nje na wengine humu humu hospitalini kwetu. Nimesikia kwa masikio yangu muuguzi anaita korido nzima "leteni mzani wa magunia". Hilo halisameheki. Lakini kumwambia mtu ukweli wa ini lake na kumtukana mtu ni vitu viwili tofauti, jitahidi kuvitenganisha ukisoma. Zile wiki mbili za vyakula vyepesi kabla ya upasuaji si adhabu, ini la mtu mwenye mwili linakuwa kubwa lenye mafuta na linakaa juu ya mfuko wa chakula, lisiposinyaa kidogo daktari anafanya kazi gizani. Kupima usingizi pia, wanaokoroma na kukata pumzi usiku wakipewa dawa za usingizi na za maumivu wanaweza kuacha kupumua wodini kimya kimya, na kama nesi hajui, basi.

Nije kwenye kitu ambacho sikukiona kwenye ushuhuda hata mmoja kati ya zile kumi na moja. Watu wanasifia mikono ya daktari. Mikono ni muhimu ndio, lakini ukiniuliza mimi nani alimwokoa mgonjwa, nitakwambia ni aliyepokea simu.

Nikusimulie. Mama mmoja, sliivu, upasuaji ulienda vizuri, siku ya pili anatembea koridoni anatania wenzake. Usiku wa siku ya tatu napita kupima, mapigo ya moyo 124. Homa hana, presha nzuri, tumbo laini. Namuuliza unajisikiaje, ananijibu "niko sawa sista, ila bega hili la kushoto tu, na sijui kwa nini nina wasiwasi". Daktari wa zamu, kijana, akasema ni gesi, na hakukosea kufikiri hivyo maana gesi wanayojaza tumboni wakati wa upasuaji wa matundu kweli inaumiza mabega siku za mwanzo. Ila gesi haipeleki mapigo 124 kwa mtu aliyelala kitandani saa saba usiku, na hilo neno wasiwasi mi naliogopa kuliko homa. Nikampigia daktari mwenyewe. Akapokea mlio wa pili. Hakuuliza maswali mengi, alisema "mpelekeni skani, nakuja", akaja na kandambili. Kweli mshono ulikuwa unavuja juu pale karibu na koo la chakula, wakamrudisha thieta kabla ya alfajiri, akakaa wiki nyingi na mipira tumboni na dripu, na leo ni mzima anauza vitenge. Kuvuja kule hakukuwa uzembe wa mtu, kunatokea hata kwa mabingwa, kwenye sliivu ni kama mmoja au wawili kati ya mia, na kunaweza kuja siku ya tatu au hata wiki ya pili ukiwa umesharudi nyumbani.

Sasa jiulize, huyu daktari wako wa bei nafuu, usiku wa siku ya tatu atakuwa wapi? Kwenye ndege. Hilo si tusi, ndivyo ratiba yake ilivyo, umeniandikia mwenyewe kwamba anafanya kwa siku chache anaondoka. Basi muulize hivi: ukiondoka anabaki nani, jina lake nani, naye amewahi kumrudisha thieta mgonjwa wa sliivu, kwa mikono yake? Wakikujibu "usijali kuna timu", uliza jina tena. Nimeshaona mahali, sitapataja, mgonjwa anavuja na hakuna anayetaka kumgusa kwa sababu "si mgonjwa wangu". Siku mbili zilipotea kwa kutafutana kwenye simu. Hiyo picha sijaisahau na ndo maana jibu hili limekuwa refu.

Daktari atakayekwambia "kwangu haijawahi kutokea", shukuru uage. Ama kafanya wachache ama anaficha. Mwenye uzoefu atakutajia namba bila kukasirika, nimefanya wangapi mwaka jana, wangapi nimewarudisha thieta, nimempoteza mgonjwa au la. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa 2009, wagonjwa 4,776, wengi baipasi, tena kwenye hospitali zenye uzoefu, ndani ya siku 30 walifariki 0.3%, yaani watatu kwa kila elfu moja, na waliopata tatizo kubwa ni 4.3%. Kwa operesheni ya mtu mwenye sukari na uzito huo ni hatari ndogo, ila si sifuri, na hizo namba ni za mahali ambapo simu inapokelewa.

Hospitali nayo ikague, na hapa nina kambinu kangu. Nenda siku moja kabla hata ya kumwona daktari, kaa benchi, halafu omba upimwe presha. Angalia mkanda. Wakikufunga ule mkanda wa kawaida na unaachia achia kwenye mkono wako, au nesi anaushikilia kwa kiganja usifunguke, ujue hapo wagonjwa wa mwili wako hawajazoeleka, na isitoshe mkanda mdogo unadanganya, unaonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Wakiutoa mkanda mkubwa bila kuutafuta jengo zima, vizuri. Mzani unafika kilo ngapi? Kuna kiti kisicho na mikono? Joho la wagonjwa linafunga nyuma au utatembea koridoni unashikilia kwa mkono? Uliza pia ICU ni yao wenyewe au wanaazima ya hospitali ya jirani, na kama bei uliyotajiwa inajumuisha ukirudishwa thieta. Hilo la bei wakuandikie, si kukwambia tu. Bei nafuu huwa ni bei ya siku tatu ambazo kila kitu kimeenda sawa.

Ukishafanyiwa watakuamsha utembee siku hiyo hiyo na utachukia kila mtu, tembea tu, damu isigande miguuni, na sindano za tumboni za kuzuia kuganda usizikwepe hata ukipewa za kwenda nazo nyumbani. Kula kunaanza na maji ya kusip, siyo kupiga funda, halafu supu iliyochujwa, uji mwepesi, mtindi, baadaye vya kusaga, samaki aliyepondwa, mayai, kunde zilizosagwa, ugali na chapati ni mwisho kabisa na wengine hauwapiti tena vizuri kwa miaka. Protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, kwa tumbo lile ni kazi ya kutwa nzima. Kama unafunga Ramadhani ongea na daktari mapema kuhusu tarehe, maana miezi ya mwanzo mwili unataka maji kidogo kidogo mchana kutwa na funga haitawezekana. Nywele zitakatika mwezi wa tatu hadi wa sita, zitarudi, usikimbilie kununua mafuta. Vitamini ni za maisha, B12, chuma, kalsiamu, D, na aliyeacha kwa sababu "najisikia vizuri" tunakutana naye mwaka wa tatu miguu inamfa ganzi.

Ila kutapika, hapo nisikilize. Kila siku kwenye magrupu naona "mi nilitapika mwezi mzima ni kawaida shoga yangu". Kutapika mara moja ulipokula haraka, sawa. Kutapika kila siku kwa wiki, hata maji, si kawaida, pengine njia imebana, na wakati huo vitamini B1 inaisha mwilini haraka mno. Mtu anaanza kuona vitu viwili viwili, anayumba akitembea, anaongea vitu havieleweki, nyumbani wanasema majini. Akifikishwa kituo cha karibu kitu cha kwanza atatundikiwa dripu ya glukosi, na glukosi ikitangulia kabla ya B1 ubongo unaumia zaidi, mwingine kumbukumbu hazirudi tena. Kwa hiyo anayekaa nawe ajue kusema sentensi moja tu: "alifanyiwa upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito, anatapika siku kadhaa, mpeni kwanza vitamini B1". Iandike kwenye simu yako, iwe mbele kabisa.

Na hapo ndo jibu la mume lilipo. Siwezi kuingilia ndoa yako, najua wengine wanaogopa kuambiwa wamejiremba au wamefuja hela, lakini mtu mzima mmoja anayelala nyumba moja na wewe lazima ajue kila kitu, aina ya operesheni, tarehe, namba ya daktari. Kama si mume awe dada yako ahamie kwako mwezi wa kwanza. Waliofanya kimya kimya ndo tunaoletewa wakiwa wamechelewa, maana mtu anaumwa anasema "ni tumbo la kawaida" ili siri isivuje. Halafu miaka 38, mimba inaweza kukukuta kirahisi kuliko zamani ukishapungua, wakati wataalamu wanataka usubiri miezi 12 hadi 18, na vidonge vya majira baada ya baipasi havitegemewi, kijiti au kitanzi ni afadhali. Huwezi kupanga hilo peke yako.

Puto sasa. Hospitali ya Mloganzila pale Dar wanaweka, na upasuaji wanafanya pia, kwa hiyo huna haja ya kwenda mbali hata kuuliza tu. Puto ni mfuko wa silikoni unashushwa kwa kamera kupitia mdomoni unajazwa maji, maputo mengi yanatolewa baada ya miezi sita, mengine mwaka. Maji yake mara nyingi yanatiwa rangi ya bluu, ukiona mkojo umegeuka kijani kimbia hospitali, limepasuka. Kwa wewe lakini, chukua 118 gawanya kwa 1.62, jibu ligawanye tena kwa 1.62, unapata BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ya 45. Tangu 1991 Wamarekani walikuwa wanasema 40 na kuendelea, au 35 ukiwa na magonjwa, ndo mtu wa upasuaji, na 2022 vyama vya madaktari hawa vikashusha hadi 35 hata bila ugonjwa. Wewe unaingia kwa vipimo vyote viwili na sukari juu yake. Puto litakutoa kilo kadhaa, likitolewa nyingi zinarudi. Linaweza kuwa daraja la kukufikisha thieta ukiwa mwepesi kidogo, mwulize daktari hilo, ila kama ndo mwisho wa safari kwa BMI ya 45 naona utatoa hela mara mbili. Muulize pia kuhusu kiungulia kama unacho, maana sliivu inaweza kukiongeza, na mwenye kiungulia kikali mara nyingi baipasi inamfaa zaidi.

Kwa hiyo ukinibana nichague, nachagua huyu wa maneno makali na miezi mitatu yake, kwa sharti kwamba akujibu yale maswali ya simu na namba. Akikukasirikia kwa kuuliza, niandikie, kuna wengine. Huyu wa bei nafuu anayekuja kwa siku chache sikwambii ni mbaya, labda mikono yake ni mizuri kuliko yote, ila wewe una sukari na unaishi Tanga, saa tano na zaidi barabarani mpaka Dar kama foleni imekuonea huruma, na kumbuka ukishafanyiwa sukari inashuka haraka sana, wengine siku hizo hizo, kwa hiyo dozi ya vidonge vyako au insulini itabidi ibadilishwe na mtu aliye karibu anayekujua, ukiendelea na dozi ya zamani huku unakunywa supu tu utaanguka.

Kabla hujaruhusiwa kutoka wodini, dai karatasi. Iandikwe aina ya operesheni, tarehe, jina la aliyefanya, dawa usizotakiwa kupewa. Ipige picha, mtumie dada yako, mtumie na mume. Ile nyingine ya dawa za sukari mpya usiichanganye na ya zamani, ya zamani ichane hapo hapo kitandani.